Koni ya Kushoto

Katika shule ile ya kufundishia pikipiki walipita watu wa kila namna. Walikuwapo waliosali kabla ya kuwasha, walikuwapo waliolia baada ya kuzima, na alikuwapo mmoja aliyeuliza kwa dhati kabisa kama hakuna pikipiki za kukodi zisizoegemea upande. Mwalimu wao hakumwogopa hata mmoja. Alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na ushei, mwembamba, mwenye sauti ya kumfikia mtu aliye ng'ambo ya barabara, na wanafunzi walimwita Mama Koni kwa jinsi alivyozijali zile koni zake za plastiki kuliko alivyowajali wao. Kila asubuhi alizipanga uwanjani kwa kamba na chaki, na aliyeigonga moja alilijua jiji. Sasa mtu wa namna hiyo, ukiambiwa kwamba alikuwa akikosa usingizi kwa ajili ya mwanafunzi mmoja, tena mwanafunzi hodari, utasadiki? Basi sadiki. Mwanafunzi mwenyewe alikuwa baba yake mzazi.

Baba alikuwa tarishi wa hospitali. Kazi yake ilikuwa kuzunguka zahanati ndogo ndogo akikusanya vichupa vya damu na makohozi, na kuvipeleka maabara kabla havijaharibika. Kwa miaka mingi aliifanya kwa kipikipiki kidogo kisicho na klachi wala gia za kubadilisha, kilicholia kama cherehani. Wauguzi walimwita Ekspresi. Walimwita hivyo kwa kumcheka, lakini yeye alilipokea jina kama cheo, na akalitembelea kifua mbele mpaka likawa lake kweli.

Kipikipiki kilipokata roho, hospitali ililetewa pikipiki mpya, kubwa, ya gia tano, yenye sanduku la baridi nyuma. Katibu wa hospitali akamwita ofisini. Hakumpigia kelele wala hakumbembeleza. Alimwambia kwamba leseni yake ni ya daraja la chini, la vyombo vidogo, na chombo hiki hakimo humo. Alete daraja la juu, la sivyo atatafutwa mwenye nalo. Kustaafu kulikuwa kumebaki miaka miwili. Mtu akiachishwa kazi miaka miwili kabla ya kustaafu, hurudi nyumbani kama aliyefukuzwa harusini chakula kikiwa kinapakuliwa.

Sheria ya madaraja ilikuwa imebandikwa ukutani pale shuleni, na Mama Koni aliwasomesha wanafunzi wake kama watoto wa chekechea. Unapewa daraja la chombo ulichotahiniwa nacho. Ukitahiniwa kwa kidogo, utaendesha kidogo mpaka kufa. Ukitahiniwa kwa kisicho na gia, cha gia usikiguse. Kwa hiyo baba hakuwa na njia ya mkato. Ilimbidi afanye mtihani wa vitendo juu ya pikipiki kubwa kama ile ya hospitali: apite kichochoro cha koni, apande ubao mwembamba bila kushuka, azunguke namba nane, kisha aende kwa kasi na kusimama ghafla kwenye mstari. Kugusa koni ni alama moja kupotea. Kuanguka ni kuanguka kweli, urudi nyumbani ukajipange upya.

Siku za mwanzo zilikuwa raha tupu. Baba alikuja amechomekea shati, akakaa benchi moja na vijana, akawa ananyoosha kidole kama mtoto wa shule: "Mwalimu, naomba ruhusa nikanywe maji." Wenzake wakacheka, na yeye akazidi. Alikuwa akiwaambia kwamba siku hizi dunia imepinduka, nyoka mkubwa anafundishwa kutambaa na nyoka mdogo. Lakini akishapanda alikuwa si mtu wa mzaha. Klachi aliizoea upesi, gia akaziweka mguuni kama viatu vya siku zote, na kichochoro cha koni, kile kilichowatoa watu machozi, alikipita mara ya nne bila kugusa hata moja. Mama Koni alisimama pembeni akijikaza asitabasamu. Moyoni alikuwa akijisifu wazi wazi: baba yake, umri ule, na anawashinda hawa wote.

Hofu ilianza siku walipotoka uwanjani kwenda barabarani.

Baba alitangulia, binti akafuata nyuma na pikipiki nyingine. Kabla hawajafika mbali, mkokoteni wa magunia ukawa unatoka kwenye uchochoro wa kushoto. Haukutoka ghafla. Ulitoka polepole, kama mikokoteni yote, na msukumaji wake akapaza sauti aombe njia. Baba hakupunguza mwendo hata kidogo. Msukumaji akauachia mkokoteni akaruka kando, na baba akapita kati ya gurudumu na ukuta, akaendelea zake. Aliposimamishwa mbele kidogo, alikuwa hajui kilichotokea. Alipoelezwa alishangaa, akasema huyo mtu katokea wapi, kama jini. Binti akakubali kwamba ni kama jini. Kukubali kulikuwa rahisi.

Siku nyingine ikawa mlango wa gari lililoegeshwa, upande wa kushoto. Siku nyingine tena, mwanamke mwenye beseni la nguo kichwani, upande ule ule, akivuka taratibu huku akiongea na mwenzake. Mara hii Mama Koni alipiga honi kwa nyuma mpaka kidole kikauma, na yule mwanamke akarudi nyuma, akawatukana wote wawili. Baba akageuka kwa hasira na kumwuliza mwalimu wake kama honi imekwama. Mama Koni hakuwa tena na jini wa kumsingizia.

Jioni hiyo alipita nyumbani kwa wazazi wake. Mama yake alikuwa na malalamiko yake ya siku zote, na kati ya hayo akataja, kama jambo dogo, kwamba baba yake siku hizi mlango unampiga. Bega la kushoto limevilia damu, na glasi nazo zinakwisha, kila ikiwekwa mkono ule anaiangusha. Mama aliuita uzee na kutokuwa makini, akasema akishapata hiyo leseni atatulia. Walipokaa mezani, binti akavuta kiti akakaa kushoto kwa baba yake.

Baba alikuwa akila na kusimulia habari za katibu wa hospitali. Binti akainua kijiko hewani. Akakipunga. Kisha, mtu mzima na akili zake, mwalimu wa watu, akamtolea baba yake ulimi. Akaubakiza nje mpaka mama aliyekuwa upande wa pili akamkazia macho kwa mshangao. Baba akaendelea kula na kusimulia. Hakutikisika, wala hakukunja uso. Binti akainuka kama anakwenda kuchukua chumvi, akarudi kukaa upande wa kulia, na hakufanya lolote zaidi ya kutazama, ndipo baba akageuka mara moja na kuuliza mbona anamtolea macho, kwani usoni pake pameota nini.

Toka jioni ile Mama Koni hakuwa na raha tena. Aliogopa akiwa kazini, akaogopa akiwa njiani, akaogopa simu ikiita. Kila alipopita penye uchochoro wa kushoto alimwona baba yake anakuja na sanduku la baridi nyuma, anaimba, hajui. Na kwenye kila uchochoro kulikuwa na mtu: mtoto na begi la shule, kikongwe na fimbo, mtu yeyote. Alikuwa hajui amwogopee nani zaidi, baba yake au hao watakaokutana naye.

Akajipa moyo, akamwambia. Alichagua saa ya kuosha pikipiki, wawili peke yao, kila mmoja na kitambaa chake, maana maneno mazito huteremka vizuri mikono ikiwa na kazi. Akaanza kwa kuzunguka mbuyu kama inavyompasa mtoto kwa mzazi, kwamba labda baba angepumzika kidogo, labda angekwenda kupimwa macho kwanza. Baba akatoa karatasi mfukoni kwa madaha. Alikuwa ameshapimwa, bila karatasi hiyo mtu hasajiliwi kwa mtihani. Alikaa kitini, akaonyeshwa herufi ukutani, akazisoma zote mpaka mstari wa chini, ule wa sisimizi, hata daktari akamsifu. Binti akasema mbele anaona, baba, hilo halina ubishi, tatizo ni pembeni, huku kushoto.

Baba akaacha kufuta. Uso wake wa utani ukaondoka, na mwingine ukaja ambao binti alikuwa hajauona tangu akiwa msichana mdogo.

"Umeota mvi lini," akasema, "uanze kunilea mimi?"

Kisha akaendelea kufuta tangi, pale pale palipokwisha kung'aa. Baadaye, kwa sauti ya chini, kama mtu anayeomba na hataki ijulikane kuwa anaomba, akasema ni miaka miwili tu, mwanangu, si kumi. Binti akainama, akafuta gurudumu. Kwa baba wa namna ile, hapo mazungumzo yalikuwa yamekwisha.

Alikwenda kwa mama. Mama akasema amwache mzee amalize miaka yake kwa heshima, mume wake hajawahi kukaa nyumbani bila kazi, na akikaa atakufa kwa huzuni kabla hajafa kwa pikipiki. Akaenda kwa mwenye shule. Huyu alikuwa mtu mnene, mpole, aliyependa mambo yasiyo na maelezo marefu. Akasema karatasi ya macho ipo, ina muhuri, basi. "Sisi tunafundisha, mkaguzi ndiye anayefelisha," akamwambia. "Usimwibie mtu kazi yake."

Maneno hayo yalimpa tumaini kidogo. Mkaguzi si mjinga, ataona. Lakini alipomtazama baba yake uwanjani siku zilizofuata, tumaini likayeyuka. Baba alikuwa ameukariri uwanja wote. Hakuhitaji kuziona koni za kushoto, alijua zilipo kama mtu anavyojua vidato vya nyumba yake gizani. Na nani aliyemkaririsha? Ni yeye mwenyewe, na kamba yake na chaki yake, kila asubuhi koni mahali pale pale bila kupotea hata kidogo. Alikuwa amemfundisha kufaulu. Kuona hakukuwamo kwenye masomo.

Siku ya mtihani mkaguzi alifika mapema. Alikuwa mwanamume mfupi, kijana bado, shati limenyooka hadi mtu akaogopa kumgusa. Akaupima uwanja kwa futi yake, koni moja moja, akaridhika, akatangaza sheria: kuanzia sasa hakuna wa kugusa kitu, isipokuwa mwalimu, ambaye kazi yake ni kuinua pikipiki iliyolala na kurudisha koni iliyogongwa kwenye alama yake ya chaki. Mama Koni akavaa kizibao chake cha kung'aa cha rangi ya chungwa, akasimama uwanjani. Tangu alfajiri hakuwa ameweka kitu kinywani.

Watahiniwa walikaa benchi. Fundi rangi mmoja, bonge la mtu mwenye madoa meupe mpaka kwenye masikio, alitangulia akapita vizuri isipokuwa nane, ambayo aliizungusha kwa upana wa kuegesha lori. Akafuata muuza mitumba. Huyo alitetemeka toka mwanzo, akagonga koni ya tatu ya kushoto, ikabiringika, lakini akamaliza bila kuanguka, akashuka anajishika kifua. Mkaguzi akaandika alama zake. Kisha akamwita mzee.

Baba alipanda pikipiki kubwa kwa heshima zake zote. Akavaa kofia yake ngumu, ile iliyo wazi usoni. Akawasha. Akaisogeza hadi mstari wa kuanzia na kutulia, mguu mmoja chini, macho mbele. Mkaguzi akaenda nyuma ya pikipiki, akainama kunakili namba. Na Mama Koni akatembea kwenda kuirudisha ile koni iliyogongwa.

Hakuwa amepanga lolote. Hilo aliliapa baadaye, na wa kumsadiki walimsadiki. Aliinama akaiokota koni, akaiona alama ya chaki pale chini, nyeupe, imemngoja. Akainua kichwa. Baba yake alikuwa mbele yake, hatua nne au tano tu, na yeye binti akiwa upande wa kushoto wa mzee kidogo. Jua lilikuwa kwenye kizibao. Mtu aliye barabarani nje ya ua angemwona.

Akaiinua koni juu, usawa wa kichwa. Akangoja. Alikuwa akimwomba kwa moyo wote amwone, amfokee, amwambie wewe mtoto unachezea nini hapo, toka njiani. Angeshukuru. Angeiweka koni mahali pake, angeomba msamaha mbele ya watu wote, na angerudi nyumbani kulala usingizi. Akampungia koni ile kama anayemuaga mtu kituoni. Baba aliendelea kutazama mbele, akarekebisha kioo cha kulia, akakohoa.

Basi Mama Koni akaiweka koni chini, si kwenye chaki. Akaiweka ndani, hatua moja ndani ya kichochoro. Nafasi ilibaki, na ilitosha kabisa kupita mtu anayeona. Akarudi kando.

Mkaguzi akanyanyuka, akampa ishara. Baba akaondoka vizuri, klachi laini, mwendo wa kupendeza. Koni ya kwanza, ya pili. Akalalia kushoto pale alipozoea kulalia, na gurudumu la mbele likapanda juu ya koni ya tatu kama halikuwa na mwenyewe. Usukani ukamtoka. Pikipiki ikalala, na yeye pamoja nayo.

Alimfikia kabla ya vumbi kutulia. Akazima injini, akamtoa mguu chini ya tangi, akampapasa mikono na magoti huku akisema baba, baba, baba, hana neno jingine. Kiwiko kilikuwa kimechubuka, basi. Mzee aliinuka mwenyewe, akajikung'uta, akaitazama koni iliyolala kama mtu anayemtazama rafiki aliyemgeuka.

"Mkaguzi, huyu mzee ameonewa." Alikuwa fundi rangi, ameinuka kwenye benchi. "Ile koni haikuwa mahali pake. Imesogezwa."

Mkaguzi akaja, akainama, akaiona chaki iko kule na mchubuko wa gurudumu uko huku. Akachukua futi, akapima, ijapokuwa jambo lenyewe halikuhitaji futi. Kisha akamtazama mwalimu.

"Uliirudisha vibaya?"

Mlango ulikuwa wazi. Neno moja tu la ndiyo, na mambo yangeisha kwa kumwomba radhi mkaguzi.

"Niliisogeza makusudi," Mama Koni akasema.

Watu wa benchi wakanong'ona. Baba akavua kofia taratibu. "Umesema nini wewe?"

"Niliisogeza mimi, baba."

"Lini?"

"Ukiwa pale kwenye mstari, umeshawasha. Nilisimama hapa hapa. Niliinua koni juu, hivi. Nikakutazama. Nikangoja unigombeze."

"Nilikuwa natazama mbele."

"Na wale wa kwenye benchi walikuwa wanatazama mbele, nao waliniona."

Baba akageukia benchi, kama anayetafuta shahidi wake. Fundi rangi akajikuna shingo. Hakupenda kulisema, ilionekana, na sauti ikamshuka. "Kweli mzee, alisimama hapo kitambo. Na koni akaipunga. Sisi tulidhani mnataniana."

Baba alisimama na kofia yake kwapani. Kisha akainua mkono wa kushoto, akauweka mbele ya pua, vidole vikichezacheza kama mtu anayembembeleza mtoto mchanga. Akaanza kuupeleka pembeni, polepole, macho yametulia mbele. Haukufika mbali. Haukufika hata usawa wa bega, akasimama. Akaurudisha mbele. Akarudia tena, pole pole zaidi, na pale pale pa mwanzo akasimama tena, vidole bado vinacheza hewani na mwenye vidole havioni. Akarudia mara nyingine kwa mkono wa kulia, na mkono wa kulia akausindikiza mpaka sikioni. Uso wake ukabadilika. Binti alikuwa ameibeba hofu ile peke yake siku zote hizo, na sasa aliiona inaingia kwa baba yake, na hakupata nafuu yoyote.

Mkaguzi hakuwa ameelewa yote, au alikuwa ameelewa na akaamua kushika sheria, maana sheria ndiyo aliyokuja nayo. Akasema uwanja ulichezewa, kwa hiyo jaribio lile halihesabiki. Mzee atarudia sasa hivi, kama vile hakuanza. Na mwalimu avue kizibao akiweke pale mezani, mambo yake yatazungumzwa na mwenye shule. Mama Koni akavua. Mkaguzi mwenyewe akaiokota koni, akaiweka juu ya chaki, akaisogeza kidogo mpaka ikakaa sawasawa.

"Haya mzee. Panda."

Kila mtu pale alijua kwamba angefaulu. Koni zilikuwa zimerudi mahali alipozikariri, pikipiki ilikuwa inafanya kazi, mkaguzi alikuwa anamhurumia. Baba akaishika pikipiki usukani. Binti akafumba macho, na kwa mara ya kwanza maishani mwake akamwombea mwanafunzi wake afeli.

"Andika nimeanguka," baba akasema.

"Mzee, hukuanguka kwa kosa lako."

"Andika nimeanguka, mwanangu."

Mkaguzi akamtazama, akatazama karatasi, akaandika. Baba akaisimamisha pikipiki kwenye stendi yake, akahakikisha imekaa imara, akamkabidhi ufunguo. Akawaaga watu wa benchi mmoja mmoja, akamtakia fundi rangi heri, akamwambia yule muuza mitumba aache kushika kifua, kwamba kifua hakikimbii.

Walitoka nje ya ua kwa miguu. Binti akapita upande wa kushoto wa baba yake, kati yake na barabara, bila kuambiwa. Magari yalipita. Kesho katibu wa hospitali angempa funguo za ile pikipiki mpya mtu mwingine. Hilo walilijua wote wawili. Binti hakuwa na uhakika kama angebaki na kazi hata yeye, lakini hofu hiyo ilikuwa ndogo, ilingoja zamu yake.

"Usimwambie mama yako," baba akasema.

"Nitamwambia, baba."

Baba akatembea. Bega lake la kushoto likamgonga binti, kama aliyesahau kwamba yupo hapo. Binti akamshika mkono, na mzee, ambaye tangu binti huyo ajifunze kutembea hakuwahi kushikwa mkono naye barabarani, akauacha ushikwe.

"Basi umwambie akiwa amekaa huku," akasema, akiligusa bega lake la kushoto. "Nisimwone akilia."